Tuta Walilodhani ni Kaburi

Poni,

Sianzi kwa salamu. Tunaishi nyumba moja, tumetenganishwa na ukuta ambao baba yako hajaupiga plasta mpaka leo, na tangu Jumamosi mimi na wewe tunasemezana kama askari wa mpakani na msafiri: ndiyo, hapana, pita. Kesho asubuhi basi litakubeba kwenda masomoni Gulu, na siwezi kukuacha uvuke mpaka wa Nimule huku lile neno nililokutupia likiwa ndilo la mwisho kutoka kwangu. Kwa hiyo nimekaa mezani, vyombo vimeoshwa, nakuandikia. Kuandika naweza. Nikifungua mdomo, umeshaona, huwa narusha mawe.

Mambo ya pasipoti, chandarua, vidonge, na kutomwachia mtu mkoba wako basi likisimama Nesitu, baba yako ameshayasema na kesho atayarudia mpaka dereva aanze kupiga honi. Mimi siyagusi. Nataka tuzungumze juu ya maua, na nitazungumza kwa hasira, maana ninayo. Sitaipaka sukari ili ionekane usia.

Mwaka tuliofunga mizigo kurudi huku kutoka Kitale, uliponikuta nikibishana na kijana wa duka la mbegu, ulinivuta sketi ukisema tutaachwa na gari. Sikutoka. Nilikuwa nimeona picha kwenye pakiti: ua la waridi lililokolea hadi kukaribia zambarau, petali zimeinama chini kama mtu aliyelegeza mabega, na katikati kichwa cha miiba ya rangi ya chungwa. Ekinasea. Niliwahi kusoma kwamba jina hilo linatokana na neno la Kigiriki la mnyama mwenye miiba. Yule kijana akaniuliza naenda nalo wapi.

"Juba," nikamwambia.

"Mama, achana nazo. Hizi zinataka baridi kwanza ndiyo ziamke. Juba mbegu inachemka kabla haijaota."

"Nipe pakiti mbili," nikasema.

Huyo ndiye mama yako. Mtu akiniambia jambo haliwezekani, mkono wangu umeshafika mfukoni. Nimeandika makala kwa roho hiyohiyo, nimegombana redioni kwa roho hiyohiyo, na wako wakubwa mjini hapa wanaobadilisha stesheni wakisikia nakohoa. Lakini kijana wa Kitale alikuwa sahihi. Pakiti ya kwanza niliimwaga yote kwenye udongo wa Juba, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayelipiza kisasi, na hakikuota hata kijani cha kudanganyia macho. Mbegu zilioza.

Ya pili ndiyo ilinifikisha kwa Nakku. Wewe unamjua Nakku wa duka la kona kama mtu wa peremende na soda. Mimi namjua kama mwanamke pekee mtaani aliyekuwa na friji isiyozimika, na nilimwendea na kopo la maziwa lililojaa mchanga wenye unyevu, mbegu ndani yake, nikamwomba alilaze nyuma ya soda zake kwa majuma kadhaa.

"Mama Poni, mchanga nafanya nini kwa friji?"

"Unalala."

"Wewe iko sawa kwa kichwa? Soda mimi nauza. Hii mchanga nitauzia nani?"

Alilipokea hata hivyo. Kila aliyekwenda kununua kinywaji cha baridi alionyeshwa kopo langu na kuambiwa, "Hiyo ni ya yule mama wa gazeti, analaza mchanga." Mtaa mzima ulicheka mpaka mvua ilipokuja. Mbegu zilizodanganywa kwamba zimepita majira ya baridi ziliamka zote pamoja, na Nakku akaja mwenyewe kuziangalia, akachuchumaa, akasema, "Kumbe mchanga nazaa." Tangu mwaka ule, kiangazi kikielekea kwisha, kopo langu lina nafasi yake nyuma ya soda. Likumbuke kopo hilo. Nitalirudia.

Nilikosea mengine. Nililishibisha tuta samadi ya ng'ombe kwa kuamini kwamba kupenda ni kulisha, na miche ikapanda juu haraka, minene, laini, ikaanguka kifudifudi upepo wa kwanza ulipovuma. Kalunguyeye, kama ulivyokuja kuliita ua hili, hapendi kushibishwa. Mpe udongo wa kawaida, jua kali na maji kidogo, atasimama wima hata ukimsahau. Nimeandika sana juu ya watoto wa wakubwa wanaolishwa mpaka wanashindwa kusimama, na hakuna makala yangu iliyolisema jambo hilo vizuri kama lile tuta lililolala chini baada ya dhoruba. Halafu mwaka uliofuata nikayahamisha maua, kwa sababu niliona yatapendeza zaidi karibu na dirisha, na mengi yakafa. Mizizi yake haitaki kusumbuliwa. Yaliyobaki niliyarudisha karibu na geti, palepale penye jua, nikaapa sitayagusa tena.

Wewe ndiye uliyeyapa jina. Ua la kwanza lilipofunguka ulilikwaruza kichwa kwa kidole, ukaruka nyuma, ukasema, "Mama, ni kalunguyeye!" Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia makala yoyote. Mgiriki aliona mnyama wa miiba, nawe ukamwona yuleyule, na hapakuwa na mtu aliyewakutanisha.

Sasa nije kwenye mawe. Baba yako aliyaleta kutoka Jebel kwenye pikapu ya rafiki yake, mawe mazuri meusi, tukayapanga kuzunguka tuta ili mbuzi na magurudumu ya pikipiki visipite juu. Tuliyapanga kwa mstari ulionyooka: mawili marefu, mawili mafupi. Udongo umeinuliwa katikati. Karibu na geti. Katika mji ambao watu humzika mpendwa wao ndani ya uwanja wao wenyewe.

Asubuhi iliyofuata jirani wa upande wa pili alivua kofia alipopita. Mchana wakaja kina mama wawili wa kanisani wakiwa na sukari na majani ya chai, wakaketi chini bila kualikwa, mmoja akaanza kulia.

"Alikuwa mtoto au mtu mzima?" akaniuliza yule mwingine kwa sauti ya chini.

"Ni maua," nikamwambia. "Nimepanda maua."

"Malesh, malesh," akanipa pole akinipapasa goti. "Kila mtu na namna yake ya kubeba uchungu."

Tulicheka sana siku ile, mimi na baba yako. Shangazi yako Rejina hakucheka. Alilizunguka tuta kwa mbali, akaweka mikono kiunoni, akaniambia mbele ya watoto: "Mama Poni, kaburi bila maiti naita maiti ije. Toa hii mawe." Baba yako akasema ni kazi ya alasiri moja tu, tuyapange duara, jambo liishe. Na mimi, Poni, kwa sababu Rejina ndiye aliyesema, na kwa sababu alisema kwa amri, nikakataa. Niliwaambia siwezi kupanga bustani yangu kwa kufuata hofu za watu wasiosoma. Maneno hayo niliyatamka. Rejina aliyasikia. Hata wewe uliyasikia.

Ndipo likaanza la uwanja. Unajua kanuni ya nyumba za huku: uwanja wa watu wenye heshima ni udongo mtupu uliofagiliwa alfajiri, alama za ufagio zikiwa zimelala sambamba kama nywele zilizosukwa. Jani moja likionekana, binti wa nyumba hiyo ameshahukumiwa. Sina ugomvi na sababu ya mwanzo. Nyoka ni nyoka, na penye udongo mtupu unamwona. Ugomvi wangu ni kwamba nyoka amesahaulika na ufagio umegeuka kipimo cha utu. Tunafagia mpaka ardhi inavuliwa ngozi, vumbi linaingia kwenye sahani, mvua ikija inabeba udongo wetu na kuutoa getini, halafu tunafagia kilichobaki na kujipongeza. Wasichana wetu wanaamka gizani kufuta dalili kwamba kuna kitu kilichowahi kuota au mtu aliyewahi kutembea mahali hapo. Na tunaita hilo malezi!

Wakati wa mvua, kalunguyeye wakiwa wamechanua, hata Rejina alikuwa akinyamaza. Kiangazi ndicho kilichomkera. Maana mimi siyakati. Petali zikianguka, vichwa hukauka vikawa vyeusi na vigumu juu ya vijiti, na naviacha hivyo, kwa kuwa mbegu zimo ndani yake na ndege wadogo huja kuning'inia kichwa chini wakizichokoa. Anayepita barabarani haoni ndege. Anaona vijiti vyeusi vimesimama juu ya kaburi. "Nyumba ya mtu amelaaniwa," ndivyo Rejina alivyosema mwaka jana, na alisema kwa sauti ya kufika barabarani.

Haya, Jumamosi.

Nilikuwa ofisini Amarat tangu asubuhi, nikikwaruzana na mhariri aliyetaka kuninyofolea aya mbili. Nilijua kina mama wa kanisa wanakuja alasiri kukuombea safari. Nilipofika getini nilisimama, nikadhani nimeingia nyumba ya jirani. Uwanja wote ulikuwa mweupe kwa kufagiliwa. Mawe ya Jebel yalikuwa yamerundikwa ukutani. Mahali pa tuta palikuwa pamesawazishwa, na juu yake paliwekwa viti vya plastiki, na kwenye kiti cha katikati, Rejina, kikombe mkononi.

"Mama Poni! Karibu kwako!" akaniita. "Leo mimi nakaa juu ya kaburi yako, na sioni maiti!"

Wote wakacheka. Mama mmoja akasema, "Sasa hii ndiyo nyumba," na wenzake wakaitikia kama wako ibadani. Wewe ulikuwa ukipita na birika, macho chini.

Na mimi, ambaye watu husema sina breki, nilikaa. Nilikunywa chai. Niliimba pambio. Niliwashukuru wageni mmoja mmoja, nikawasindikiza. Ukitaka kujua hasira ina ladha gani ikimezwa na mandazi, niulize. Nilingoja mgeni wa mwisho apotelee kwenye kona ya Nakku, ndipo nikamgeukia Rejina.

Uliyasikia yote, sitayarudia. Nilimwita mwizi wa nyumba za watu. Nilimwambia ameingia kwangu nikiwa sipo na kunivua nguo mbele ya kanisa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupandisha sauti.

"Mimi nakuja saa nane. Nakuta imefagiwa. Uliza mtoto yako."

Ndipo ulipotoka mlangoni ukiwa umeshika maloda, lile jembe bapa la kukwangulia magugu, nikaona viganja vyako vina malengelenge.

"Ni mimi, Mama."

"Kwa nini?"

"Wageni walikuwa wanakuja. Nilitaka siku moja tu tuwe kama watu."

Na mimi nikakujibu: "Basi nenda ukawe kama watu, na usirudi huku kwa vichaa."

Hilo ndilo neno. Nimeliandika hapa ili usidhani nimelisahau, wala usidhani kuna namna nzuri ya kulielewa. Hakuna. Nilikusudia likuumize, likakuumiza, ukaingia ndani, na tangu hapo ni ndiyo, hapana, pita.

Siku hizi tatu nimeichambua hasira yangu kama mtu anayechambua mchele, maana nilitaka kujua ipi ni yako na ipi si yako. Iliyo yako ni hii: hukuniuliza. Ulijua nitakuwa kazini, ukasubiri nitoke, ukachukua maloda. Kama ungesimama mbele yangu na kusema, "Mama, nayachukia haya maua," tungegombana mpaka jogoo awike, na ningekuheshimu. Nimekulea ubishane. Nimekulea kwenye nyumba ambamo baba yako hawezi kusema chai ina sukari nyingi bila kutakiwa kutoa ushahidi. Halafu siku yenyewe ilipofika ulinyamaza ukafanya kwa siri kile wanachotaka wao. Hilo limenichoma, na bado linachoma ninapoandika, na sikusamehe haraka ili tu tuagane vizuri kwenye kituo cha basi.

Lakini punje nyingine si zako. Jana nilimwendea Nakku, naye akaniambia jambo ambalo nadhani mtaa wote ulilijua isipokuwa mimi. Kwamba shuleni walikuita Binti Kaburi. Kwamba hakuna rafiki yako aliyekubali kuingia getini jioni. Kwamba kila mgeni aliyesimama barabarani na kushangaa, mimi nikiwa ofisini natetea haki za watu nisiowajua, ni wewe uliyetoka kumweleza: si kaburi, ni maua, yanatoka nje, mama anayapenda, hapana hakuna aliyekufa. Miaka yote hiyo. "Yule mtoto alieleza mpaka akachoka," Nakku akasema. "Wewe ulikuwa nashinda na Rejina. Yeye ndiyo alikuwa nalipa."

Nilimwambia achunge soda zake. Nikatoka. Nikarudi nyumbani nikiwa nimekasirika upya, na safari hii sikupata mtu wa kumtupia.

Mawe yale yangeweza kuwa duara, Poni. Kalunguyeye hajui pembe wala duara; anataka jua tu. Maua niliyapenda kweli, usije ukadhani yalikuwa mchezo. Ila umbo la tuta halikuwa la maua. Lilikuwa jibu langu kwa Rejina, nalo lilikaa pale getini mwaka baada ya mwaka, na wewe ndiye uliyelisoma kwa sauti kwa kila mpita njia. Nimewaandika vibaya watu wazima wengi wanaopigana vita vyao kwa migongo ya watoto. Sikujua nilikuwa naye mmoja wao jikoni kwangu.

Hata hivyo usinisikie vibaya: siwezi kukuambia kwamba ulifanya vyema. Unakwenda mahali ambapo hakuna akujuaye, na watu watakutazama, na utaona haraka kile wanachotaka kukiona. Wewe ni mwepesi wa kuona hilo, kuliko mimi. Utatamani kuamka kabla yao ukafagie kila kitu chako kinachohitaji kuelezwa. Jina lako, Kiswahili chako chenye Kitale ndani yake, mama yako mwenye mdomo. Najua inachosha kueleza. Sasa najua. Lakini yule mama aliyesema "sasa hii ndiyo nyumba" alimaliza chai, akaondoka, na wala hakukumbuka kuuliza unakwenda kusomea nini. Alipendezwa na udongo mtupu. Ukiwapa watu udongo mtupu watakusifu kwa hakika, kwa sababu hawajapewa kitu cha kujikwaa.

Mimi nilimjibu kila mtu mpaka nikamsahau mwanangu. Wewe umeanza kuwatii mpaka umejisahau. Sijui njia ya katikati. Ningekuwa naijua ningeipita. Itafute huko Gulu, kati ya wagonjwa na vitabu, na ukiipata uniandikie, nami nitakuandikia jibu refu la kukupinga.

Sasa kopo. Leo jioni, baada ya ile mvua iliyonyesha mchana kulowesha udongo, nilikwenda kulichukua kwa Nakku. Mbegu zililala nyuma ya soda kama kila mwaka, zikiwa baridi, zimevimba kidogo, wala hazijui yaliyotokea Jumamosi. Maloda ni kitu cha kukwangua, hakichimbi, kwa hiyo huenda kuna mizizi ya zamani iliyobaki chini na ikajirudia yenyewe. Sitegemei. Nimelegeza udongo kwa mikono, mahali palepale, na nimemwaga mbegu zote juu. Mawe sijayarudisha. Nimemwambia baba yako asiyapange mpaka uniandikie wewe unataka yakae vipi.

Mbegu hizi hazifukiwi. Zikizama hazioti. Zinamwagwa juu, halafu zinakanyagwa, ili zishikane na udongo na ndege wasizimalize kabla hazijaota. Kila mwaka nilizikanyaga mwenyewe, peke yangu, kwa sababu hapakuwa na mwingine katika nyumba hii aliyethubutu kuweka mguu pale. Wewe tangu utoto unazunguka. Hata ukichelewa shule, hata mvua ikipiga, unatoka mlangoni, unakata kushoto, unaambaa na ukuta mpaka getini.

Kesho usizunguke. Vaa vile viatu vyako vizito vya safari, beba sanduku lako kichwani ili uzito uongezeke, na upite katikati. Nenda, rudi, nenda tena. Rejina atakuwepo, amesema atakuja kukuaga, na ataguna. Mwache agune. Kama hutaki kupita, ambaa na ukuta kama siku zote, nami nitazikanyaga mwenyewe ukishaondoka, na nitakuwa nimekasirika, nawe utakuwa umesema jambo kwa miguu yako, na nitalisikia.

Kwa vyovyote vile, basi likishaondoka, hakuna atakayefagia uwanja huu. Ufagio nimeuweka chini ya kitanda changu.

Mama yako